Mawe Mawili ya Tanzania na Mwendo wa Mshtarii

Mto Rungwa, wenye jina moja na pori la akiba la mkoani Singida, humwaga maji yake Ziwa Rukwa. Kusini mwa ziwa hilo, huko Ivuna, kimondo cha gramu 705 kilianguka tarehe 16 Desemba 1938. Ni jiwe jeusi, rahisi kumomonyoka, lililojaa madini ya mfinyanzi yenye maji na kaboni.

Kimondo kingine kilikuwa kimeanguka Peramiho, Ruvuma, mwaka 1899. Hicho ni lava iliyoganda, na wanasayansi wanaamini kilitoka Vesta, asteroidi kubwa iliyowahi kuyeyuka kwa joto. Kilizaliwa upande wa ndani wa sayari ya Mshtarii, karibu na Jua. Cha Ivuna chimbuko lake ni mbali zaidi, kwenye baridi kali ng'ambo ya sayari hiyo.

Ilikuwaje vitu vya pande mbili vikakutana katika ukanda mmoja wa asteroidi?

Jibu ni Mshtarii. Sayari hiyo ilipokuwa ikinenepa, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita, uvutano wake ulivirusha vitu vya nje hadi ndani. Mwaka 2011, mwanasayansi Kevin Walsh na wenzake walipendekeza kwamba Mshtarii wenyewe ulisogea hadi karibu na mahali ilipo Mirihi leo, kisha Zohali ikauwezesha kurudi nyuma. Wapo wanaoona kwamba kukua kwake tu kulitosha.

Vyovyote ilivyokuwa, migongano ilibadilika. Mwanzoni miamba ilizunguka Jua kwa njia za karibu duara, ikagusana polepole na kushikamana. Njia zilipovurugwa zilianza kukatana, na leo asteroidi hugongana kwa wastani wa kilomita 5 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo miamba husambaratika. Mingi ilirushwa nje kabisa. Ukanda mzima sasa hauna hata asilimia 5 ya uzito wa Mwezi. Chombo cha anga cha Dawn, kilichofika Vesta mwaka 2011, kilipiga picha za kovu la mgongano lenye upana wa kilomita 500 hivi.

Vipande vya migongano hiyo vinavyoangukia njia ya kuzunguka Jua mara tatu kila Mshtarii unapozunguka mara moja huvutwa tena na tena hadi njia yao inarefuka na kuikata ya Dunia.

Vumbi la asteroidi Ryugu, lililoletwa na chombo cha Japani Hayabusa2 mwaka 2020, lilionekana kuwa la aina ile ile ya Ivuna. Mawe ya aina hiyo hubomoka yakinyeshewa. Anayeona kimondo kikianguka, Rungwa au kwingineko, akiokote mapema, akiweke pakavu na kukifikisha kwa wataalamu wa miamba.