Tefrosia: si kila mti uko na dawa

Majani ya tefrosia, ule mti wa kulewesha samaki, yako na rotenoidi. Moja yenye kuua wadudu inaitwa degwelini. Lakini wachunguzi waliona kama kuko tefrosia za namna mbili, na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Moja haina rotenoidi: unatwanga, unapuliza, wadudu wanaendelea kula maharagi, kisha watu wanasema dawa ya majani ni uongo! Kwa hiyo tunaomba mbegu itoke kwa mti ambao mmekwisha kuona majani yake yanaua wadudu. Degwelini haiyeyuki vizuri ndani ya maji matupu. Tuna­tia sabuni kidogo. Puliza mangaribi, jua linaharibu dawa upesi. Pompi isisafishiwe mtoni, samaki watakufa.