Nta ya Rangi Inayosimulia Maandiko Matakatifu



Usiku wa Mkesha wa Pasaka, kuanzia Kanisa Kuu la Mama wa Huruma mjini Bukoba hadi vigango vya Muleba, sote hugeukia mshumaa mmoja. Wengi wetu hutazama mwali wake tu. Lakini mara nyingi ubavuni mwake huwamo picha iliyofanywa kwa nta ya rangi: Mwanakondoo mwenye bendera, Bwana Mfufuka akitoka kaburini, au Waisraeli wakivuka Bahari ya Shamu, ambayo habari yake haiachwi kamwe kusomwa usiku ule.

Picha hizo hufanywaje? Nta ya nyuki huyeyushwa polepole katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kwani huyeyuka ifikapo nyuzijoto 62 hadi 64, na moto wa moja kwa moja huiharibu. Hutiwa rangi, kisha humiminwa katika kalibu iliyochongwa kinyume: palipo shimo ndipo picha itakapoinuka. Njia iliyo nyepesi zaidi ni kukata vipande vya nta nyembamba, kuvipasha joto viganjani na kuvibandika tabaka juu ya tabaka. Vazi la samawati la Mama Maria halipakwi rangi. Nta yenyewe ndiyo rangi. Na kwa kuwa picha imeinuka, hata asiyeona aweza kuisoma kwa vidole.

Kanisa limeijua sanaa hii tangu zamani. Huko Roma, mabaki ya Mshumaa wa Pasaka yalifanywa vibamba vyenye chapa ya Mwanakondoo, navyo vikabarikiwa na Baba Mtakatifu na kugawiwa waamini. Katika karne ya 17, Gaetano Zumbo wa Sicilia alifinyanga kwa nta ya rangi Kuzaliwa kwa Bwana na Kushushwa kwake Msalabani.

Hapa yatupasa kusema wazi. Tumekwisha kuona mahali mshumaa wa plastiki wenye mafuta ndani, unaotumika mwaka hadi mwaka, tarakimu zikibanduliwa na kubandikwa nyingine. Waraka wa Kanisa wa tarehe 16 Januari 1988 kuhusu maadhimisho ya Pasaka waagiza mshumaa uwe wa nta, mpya kila mwaka, mmoja tu na mkubwa wa kutosha, wala usiwe wa bandia. Mbiu ya Pasaka husifu kazi ya nyuki. Twaisifuje mbele ya plastiki?

Twajua gharama ni mzigo kwa parokia ndogo. Hata hivyo nta si kitu cha kutoka mbali: nchi yetu huivuna kwa wingi, hasa Tabora na Katavi. Mshumaa usio na pambo wahitaji tu mikono. Vijana wa Kipaimara, wakiongozwa na katekista, waweza kukata msalaba, Alfa na Omega na tarakimu nne za mwaka. Jambo moja wasisahau: sakristia yenye bati tupu hupata joto mchana, na picha hulegea. Mshumaa usimamishwe wima mahali penye kivuli, wala usifungwe kwa gazeti, kwani wino huhamia kwenye nta.

Baada ya Pentekoste mshumaa huo huwekwa penye kisima cha ubatizo. Huwashwa mtoto anapobatizwa, na husimamishwa kando ya jeneza tunapowaaga marehemu wetu, picha ile ile ya Mfufuka ikiwaelekea wafiwa.