Hesabu ya Bahari na Haki ya Mama Karanga

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetutiishia bahari ikawa chemchemi ya riziki, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Katika nyumba nyingi za pwani yetu akina mama wanauliza: mbona samaki wamekuwa haba, na wanaopatikana ni wadogo? Wataalamu hulijibu swali hili kwa hesabu yenye pande mbili: jinsi samaki wanavyozaliana na kukua, na jinsi mvuvi anavyogharimika na kupata faida. Msingi wake uliwekwa mwaka 1954 na Scott Gordon, mwanauchumi wa Kanada, na Milner Schaefer, mwanabiolojia wa Marekani.

Tupige mfano. Ngalawa 10 zikileta kilo 300 kwa siku, kila moja ina kilo 30. Zikiwa 20 zikaleta kilo 320, kila moja ina kilo 16. Gharama na jasho vimezidi maradufu; kitoweo kimezidi kidogo tu. Gordon alionyesha kwamba bahari iliyo wazi kwa kila mtu huendelea kuvutia vyombo mpaka faida ya wote iishe. Uvuvi ukizidi mno, hupungua hata samaki wazazi, na jumla yenyewe hushuka.

Juya huharakisha hasara hiyo, kwani wavu huo wenye macho madogo huzoa tafi na changu wasiowahi kuzaa. Ndiyo maana serikali ililipiga marufuku mwaka 2001. Utafiti wa Tim McClanahan uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wavuvi wa Kenya walio karibu na eneo lililofungwa, na wale walioliondoa juya, walipata kipato bora kuliko wenzao.

Hata hivyo, kipato cha mvuvi si kipato cha wote. Mama karanga hununua samaki wadogo, huwakaanga na kuwauza, akalisha mayatima na kulipa karo. Samaki mkubwa humshinda bei, akachukuliwa na tajiri mwenye jokofu. Wanazuoni wa fiqhi wametufunza kwamba madhara huondolewa, lakini hayaondolewi kwa madhara mengine mfano wake. Basi kulizuia juya ni sawa. Kumsahau mama huyu si sawa.

Nasaha yetu ni hii. Kanuni za mwaka 2007 zilizounda vikundi vya BMU hazikuwafungia mlango wachuuzi wa samaki. Enyi mama zetu, jiandikisheni, hudhurieni vikao, na mtaje bei ya mafuta, kuni na mtaji wenu, ili viingie katika hesabu kabla sheria haijapitishwa. Nao wanaume wawape nafasi ya kusema, kwani mizani iliyopungukiwa upande mmoja si mizani.

Mola atubarikie bahari yetu na wanaoitegemea. Amin.