Kuogelea si kwa watoto tu

Wamama wenzetu, Lualaba inagawa mji wetu: Alunguli ng'ambo moja, Kasuku na Mikelenge ng'ambo nyingine. Tunavuka kwa pirogi tukienda sokoni, shambani, kwenye matanga, mtoto akiwa mgongoni. Lakini pirogi ikipinduka, wengi wetu hatuwezi kwenda hata hatua kumi. Tunajitetea: "Nimekwisha kuzeeka, kuogelea ni kazi ya Wagenya."

Sivyo. Kule Nungwi, Zanzibar, Mradi wa Panje umefundisha wanawake na wasichana waliokulia kando ya bahari bila kujua kuogelea. Walivaa nguo za kufunika mwili wote, na walijifunza kuelea kwa kushika bidoni tupu. Baadhi ya wanafunzi wamekuwa walimu.

Tena, mwaka 2000 kwenye Olimpiki ya Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyekuwa amejifunza miezi michache tu, alimaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52, nguvu zikiwa zimemwisha. Dada wa nchi yake, Paula Barila Bolopa, alitumia zaidi ya dakika moja kwa mita 50. Watu walicheka, lakini wote wawili walifika. Eric aliendelea na mazoezi, na baadaye akashuka chini ya sekunde 60.

Tuanze hivi:

Kwanza, mahali. Tuwaulize wavuvi wapi maji yametulia na hakuna mamba. Maji yasipite kifua. Tusiingie peke yetu, wala baada ya mvua kubwa. Mama mmoja abaki ukingoni na kamba iliyofungwa bidoni tupu. Mwenzetu akishindwa, amrushie, asimrukie. Tuvue kitenge, kwani kikilowa kinafunga miguu.

Pili, pumzi. Anayeanza huchoka upesi kwa sababu anabana pumzi. Tuweke uso majini, tutoe pumzi polepole kwa pua, tuinuke, tuvute kwa kinywa. Tukizoea, tulale juu ya maji tukishika bidoni, tupige miguu bila kukunja sana magoti.

Tatu, nguvu ya kudumu. Tuogelee sambamba na ukingo, tusielekee katikati ya mto. Tupige vijiti viwili, hatua kumi kati yao. Tuende mara moja, tupumzike mpaka pumzi itulie, turudie mara sita. Kila juma tuongeze safari moja, au tupunguze mapumziko. Siku tatu kwa juma zinashinda siku moja ya kujiua.

Mwisho, mbio. Tuhesabu mikono tunayopiga toka kijiti hadi kijiti. Ikipungua kutoka ishirini hadi kumi na tano, tumeshapata mwendo bila kutumia nguvu nyingi. Ndipo tuongeze safari mbili za haraka, na mapumziko marefu kati yake.

Lakini tusidanganyane: anayejua kuogelea anaweza pia kushindwa na mkondo wa Lualaba. Kwa hiyo jile ivaliwe, ya mama na ya mtoto, na pirogi iliyojaa kupita kiasi tuiache iende, tungoje nyingine.

Kila kikundi kichague wamama wawili wa kulinda ukingo, kisha tuanze siku ya posho asubuhi. Tukijua sisi, watoto wetu watajifunza kwetu.