Kabla ya ‘Kwa Mkapa’ kulikuwa na Kigonsera

KILA Simba au Yanga inapokuwa na mechi kubwa Dar es Salaam, kuna jina linalotajwa mitaani kuliko la kipa au mshambuliaji yeyote. “Kwa Mkapa hatoki mtu,” wanatamba mashabiki. Wengine wanauita uwanja huo Lupaso, kwa jina la kijiji cha Masasi alikozaliwa Rais wa awamu ya tatu, Benjamin Mkapa, mwaka 1938.

Wamasasi wana haki ya kutamba. Lakini hata shabiki wa Mbinga anaweza kudai chake kwenye jina hilo. Kabla ya Ikulu na kabla ya siasa, Mkapa alipita Kigonsera, kando ya barabara inayotoka Songea kwenda Mbinga mjini, akiwa kijana wa seminari miaka ya 50. Baadaye alisoma Pugu, na mwaka 1959 akaingia Makerere, Kampala, alikomaliza mwaka 1962 na shahada ya Kiingereza.

Maana yake ni kwamba jina linalopigiwa kelele na mashabiki 60,000 ni la mwanachuo wa mwanzoni mwa miaka ya 60. Na maisha ya wanachuo wa zama zile, hasa waliotokea kona hii ya Ruvuma, yalikuwa na jasho kuliko dakika 120 na penalti juu.

Mchujo wa kwanza

Wakati ule hata Wilaya ya Mbinga haikuwepo. Milima ya Umatengo na pwani yote ya Ziwa Nyasa vilikuwa chini ya Songea, ndani ya Jimbo la Kusini, ambalo makao yake makuu yalikuwa Mtwara, upande wa pili kabisa, kwenye Bahari ya Hindi.

Shule nyingi zilikuwa za misheni. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na kusambaa milimani, Kigonsera ikiwemo. Ziwani walikuwepo Waanglikana, na Liuli ndiyo iliyokuwa ngome yao. Ratiba ya kijana wa seminari haikuwa na utani: sala alfajiri, Kilatini, hesabu, jembe, kisha mpira jioni. Anayedhani kambi ya timu ya Ligi Kuu ni jela, angejaribu wiki moja tu ya maisha hayo.

Kila hatua ilikuwa na mchujo. Darasa la nne unachujwa, la nane unachujwa, la kumi tena. Kijiji kizima kingeweza kubaki na mtoto mmoja, au kisibaki na yeyote. Milimani, ada ilitoka kwenye kahawa na mahindi yaliyolimwa kwenye ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usiporomoke. Ziwani ilitoka kwenye usipa na mbasa, na kwenye muhogo. Mtoto akifika mbali, kila aliyeshika jembe au wavu alijua amechangia.

Mfano uliowasha moto pwani ya ziwa ulikuwa wa Oscar Kambona. Alizaliwa mwaka 1928 karibu na Mbamba Bay, mtoto wa padri wa Kianglikana. Alianzia Liuli, akapita Dodoma na Tabora, kisha akavuka hadi Uingereza kusoma sheria. Mwaka 1960 alikuwa Waziri wa Elimu wa Tanganyika. Mtoto wa mwambao wa Nyasa ndiye akawa anashika ufunguo wa shule zote nchini.

Ziwa hadi ziwa

Kupata nafasi ya chuo lilikuwa jambo moja. Kufika huko, jambo jingine kabisa.

Tanganyika ilikuwa bado haina chuo kikuu chake. Aliyetaka shahada bila kuvuka bahari alielekea Makerere, kama alivyofanya Mwalimu Nyerere miaka ya 40. Kwa kijana wa Mbamba Bay, hiyo ilikuwa safari ya kutoka ziwa hadi ziwa. Kwanza apande milima mpaka Mbinga, kwa miguu au juu ya mizigo ya lori. Kisha Songea, Njombe na Iringa, vumbi kiangazi na tope masika. Halafu aitafute reli ya kati, apite Tabora hadi Mwanza, na hapo avuke Ziwa Victoria kwa meli kwenda Uganda.

Hakukuwa na simu ya kumwambia mama “nimefika salama”. Barua ilipita njia ile ile aliyopita mwenyewe, kwa mwendo ule ule. Mzazi angeweza kukaa wiki kadhaa bila kujua kama mwanawe yupo darasani au amekwama njiani daraja likiwa limesombwa.

Joho jekundu

Aliyefika alikuta dunia nyingine. Makerere ilikuwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha London, na shahada yenyewe ilikuwa ya London. Masomo yote kwa Kiingereza. Wanafunzi waliishi kwenye mabweni makubwa, wasichana wachache waliokuwepo wakiwa Mary Stuart. Kwenye chakula rasmi cha jioni walivaa joho jekundu, kisu mkono huu na uma mkono ule. Kijana aliyekulia ugali wa muhogo na usipa alijifunza na hilo pia, kimya kimya, kwa kumtazama mwenzake.

Chumba alilala na kusoma karibu na Mganda, Mkenya, Mzanzibari. Miaka hiyo kila nchi ilikuwa inahesabu siku za uhuru wake, hivyo ubishi wa usiku ulikuwa wa siasa. Ukiisha wa siasa, unaingia wa mpira.

Na mpira haukukosa cha kubishania. Kombe la Gossage, lililobeba jina la kampuni ya sabuni, lilikuwa linazikutanisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Tanganyika ilikuwa na historia ya kulitwaa mara tatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951. Waganda nao walikuwa na la kujibu: mwaka 1956 timu yao ilizuru Uingereza, wachezaji wengi wakitandaza soka pekupeku, na Wazungu wakashangaa. Kwa kijana wa ziwani, kucheza pekupeku halikuwa jambo geni. Geni lilikuwa viatu.

Likizo ndefu ilipofika, safari ilianza upya kinyumenyume. Kijijini msomi hakuwa mgeni wa kukaa kivulini. Mara nyingi ndiye aliyesomewa kila kesi na kupewa kila barua aisome. Jioni kulikuwa na mpira, au mganda, ngoma ya mwambao inayochezwa kwa mistari kama gwaride, sare nyeupe, kijiji kwa kijiji. Anayejua utani wa jadi wa Simba na Yanga ataelewa haraka: mganda nao ulikuwa na wapinzani wake, na aliyeshindwa alirudi kwao ameinamisha kichwa.

Chuo jirani na Kariakoo

Oktoba 1961 mambo yalibadilika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa kama chuo kishiriki, kwa kitivo cha sheria tu, na wanafunzi wasiofika 20. Hakikuwa na mlima wala mabweni. Kilianzia kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, pua na mdomo na Kariakoo, kule kule walikokuwa wakitamba Yanga na Sunderland, ambayo leo ni Simba. Kilihamia Mlimani mwaka 1964.

Miezi miwili baada ya chuo hicho kufunguliwa, usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Tanganyika ilipandishwa kwenye uwanja ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, Temeke. Mkapa alikuwa bado mwanafunzi wa Makerere.

Mwalimu alipenda kukumbusha kwamba nchi ilianza uhuru ikiwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Kwa hiyo mwanachuo wa wakati ule hakuwa na muda wa kuanzia benchi. Mkapa alipomaliza mwaka 1962 aliingizwa uwanjani moja kwa moja, ofisa wa serikali Dodoma. Mwaka 1966 alikuwa tayari mhariri wa magazeti ya chama.

Deni la kijiji

Hapo ndipo penye uzito wenyewe. Mwaka 1964 Nyerere alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kurudi na msaada. Akila na asirudi, huyo ni msaliti.

Kwa watu wa Umatengo na mwambao wa Nyasa, huo haukuwa mfano wa kwenye hotuba. Walikuwa wamekitoa hicho chakula kweli, kwa magunia ya kahawa na mafungu ya samaki. Na deni halikuishia kwenye maneno. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwatimua karibu 400. Kadi nyekundu, hakuna rufaa ya papo hapo.

Kila mmoja alilipa kivyake. Kambona, aliyeshika wizara nzito, alikosana na mwenzake wa harakati na mwaka 1967 akaondoka nchini, akaishi London zaidi ya miaka 20. Mkapa alifika Ikulu mwaka 1995. Mwaka 1998, akiwa huko, Majimaji ya Songea, Wanalizombe, walichukua ubingwa kwa mara ya tatu baada ya 1985 na 1986. Ujenzi wa uwanja mpya wa Taifa ulianza mwaka 2005, mwaka wake wa mwisho madarakani.

Alifariki Julai 24, 2020. Kwenye Uwanja wa Uhuru, pale pale bendera ilipopandishwa akiwa mwanachuo, Rais John Magufuli alitangaza kwamba uwanja wa jirani utaitwa Benjamin Mkapa.

Leo Kigonsera bado kuna shule ya sekondari, na wavulana bado wanapiga mpira jioni. Lami imetoka Songea, imepita Mbinga na kushuka kilomita 66 hadi Mbamba Bay. Majimaji waliteremka Ligi Kuu mwaka 2018 na mkoa unasubiri wa kuwarudisha.

Mtoto anayekimbiza mpira pekupeku kwenye mchanga wa ziwa hahitaji tena kuhesabu siku za lori na meli. Anaweza kupanda basi Mbamba Bay na kesho yake akawa kwa Mkapa. Swali la mwaka 1964 ndilo halijahama: akifika huko, atarudi na nini?