Maji ya Rejeta Yakipungua, Andika

Ndugu wafanyakazi wa kando ya Ziwa Mweru, injini ikichemka njiani kati ya Nchelenge na Mansa, dereva hulaumiwa kwanza. Tuelewe sababu.

Baadhi ya injini za zamani zina manifoldi ya plastiki, na maji ya rejeta hupita humo. Kwa joto la miaka mingi plastiki hukakamaa, hupasuka, na maji huvuja. Ford ilizitumia kwenye injini za V8 za lita 4.6 kuanzia 1996. Baadaye ikaweka njia ya maji ya aluminiamu.

Oili ikigeuka nyeupe kama maziwa, zima injini. Usifungue rejeta ikingali moto.

Usijaze maji ya ziwa kila asubuhi na kunyamaza. Andika hitilafu kwenye daftari la gari kabla ya safari. Maandishi hayo ndiyo utetezi wako.