Kura, Mdahalo na Lugha ya Msikilizaji

Neno *kura* lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kitu kitumiwacho kuamua jambo kwa bahati. Warithi wasiopatana juu ya mafungu ya shamba hupiga kura. Sifa ya kura ya namna hiyo ni kwamba haimwulizi mtu mali yake wala elimu yake. Katika makala haya twataka kuonyesha jinsi sheria ilivyoifanya kura iulize maswali hayo, na jinsi swali moja, lile la lugha, lilivyohamia katika mdahalo wa televisheni.

Tuanze na Njombe. Mwaka 1958 wilaya hiyo ilikuwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, mojawapo ya majimbo yaliyotangulia kupiga kura Tanganyika mwezi wa Septemba. Mpiga kura alipaswa kuwa na umri wa miaka 21, tena awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au cheo kilichotajwa katika sheria. Kisha alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Katika uchaguzi wa 1960 masharti yalilegezwa: pato la paundi 75 lilitosha, au kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Hapo ndipo Kiswahili kilipokuwa ufunguo. Kijana wa Kibena aliyesoma aliweza kupita. Mama yake asiyejua herufi, ikiwa hakuwa na sifa nyingine, alibaki nje.

Baada ya uhuru vizuizi hivyo viliondolewa. Leo sharti la kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza limo katika ibara ya 67 ya Katiba ya 1977, nalo lamhusu mgombea ubunge, si mpiga kura. Mzigo umehamishwa kwa aombaye kura, na ndivyo ipasavyo.

Lakini je, mdahalo haumrudishii msikilizaji mzigo huo? Nchini Kenya, kabla ya mdahalo wa urais wa Februari 11, 2013, ubishi ulikuwa juu ya nani apewe nafasi. Paul Muite, aliyekuwa ameachwa, alikwenda mahakamani. Mwishowe wagombea wote wanane walisimama jukwaani. Hiyo ni haki ya wasemaji. Haki ya wasikilizaji haikubishaniwa hivyo, ingawa mdahalo uliendeshwa kwa Kiingereza.

Kwetu Kiswahili chatuepusha na kosa hilo, ila si kabisa. Makambako, ambapo barabara ya Songea hukutana na ile ya Mbeya na reli ya Tazara hupita, watu husemezana Kibena, Kihehe na Kikinga nyumbani, na Kiswahili sokoni. Mkulima wa mahindi alijua neno *ruzuku* kwa sababu ya mbolea. *Nakisi ya bajeti* hajakutana nayo shambani. Kwa hiyo mwongozaji wa mdahalo, pamoja na kugawa dakika sawasawa, hana budi kumtaka kila mgombea aeleze istilahi zake kwa maneno ya sokoni.

Sheria iliuondoa mtihani wa lugha mlangoni mwa kituo cha kura. Haifai tuurudishe kwa njia ya televisheni.